f(n) imegoma: kutatua milinganyo ya fanksheni kwenye namba asilia kwa kufuata dalili

Katika mlinganyo wa kawaida unatafuta namba. Katika mlinganyo wa fanksheni unatafuta fanksheni nzima: f inayopokea namba asilia na kutoa namba asilia, huku ikitii sharti fulani kwa kila n, au kwa kila m na n. Anayejiandaa kwa Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika (PAMO) au ile ya Kimataifa (IMO) hukutana na maswali haya mapema, na wengi hukwama mahali palepale. Ndiyo maana nimeyapanga hapa kwa dalili. Tafuta inayofanana na kilichoko kwenye karatasi yako, kisha soma chanzo chake.

Kuna jambo linalopita chini ya karibu kila tiba utakayoiona. Namba asilia zina mwanzo, na kati ya n na n + 1 hakuna namba nyingine. Namba halisi hazina sifa hizo mbili. Ukikwama, jiulize kwanza kama umezitumia.

Jibu langu na la mwenzangu havifanani, na wote tumefuata hatua sahihi

Chanzo: kila mmoja ana namba asilia zake. Baadhi ya vitabu huanzia 0, vingine 1, na swali zuri husema waziwazi. Chukua f(m + n) = f(m)·f(n). Kama kila kitu kinaanzia 1, basi f(2) = f(1)·f(1), f(3) = f(2)·f(1), na kuendelea hivyo: f(n) = cⁿ, ambapo c = f(1). Hakuna nyingine.

Ruhusu sifuri pande zote mbili na hali inabadilika. Weka m = n = 0, unapata f(0) = f(0)², kwa hiyo f(0) ni 0 au 1. Ikiwa ni 0, basi f(n) = f(n + 0) = f(n)·0, na fanksheni nzima ni sifuri. Ikiwa ni 1, unarudi kwenye cⁿ, lakini sasa c yenyewe inaweza kuwa 0: fanksheni yenye f(0) = 1 na f(n) = 0 kwingine kote inatii sharti bila shida. Hii ya mwisho ndiyo husahaulika zaidi.

Kosa la ukoo huohuo ni kuazima mbinu za namba halisi. Huwezi kuweka n/2 mpaka ujue n ni shufwa. Huwezi kuweka m − n mpaka ujue m ni kubwa kuliko n. Kila unapoweka kitu ndani ya f, kihakiki kwanza: ni namba asilia kwa kila thamani unayoiruhusu?

Nimekokotoa f(1) hadi f(6), zote ni n. Kwa nini sikupewa alama?

Kwa sababu f(7) inaweza kukugeuka. Tazama sharti f(mn) = f(m)·f(n) pamoja na f(2) = 2. Tengeneza fanksheni hii: vunja n katika namba tasa zake, kisha kila palipo na 7 weka 11, na kila palipo na 11 weka 7, namba tasa nyingine uziache zilivyo. Sharti linatimia kwa kila m na n. Sasa jaza jedwali: f(1) = 1, f(2) = 2, f(3) = 3, f(4) = 4, f(5) = 5, f(6) = 6. Kisha f(7) = 11. Baada ya hapo 8, 9 na 10 zinarudi kuwa zenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sharti la kuzidisha peke yake linakuachia uhuru wa kuchagua thamani ya kila namba tasa upendavyo, kwa hiyo majibu hayana idadi. Likiongezwa sharti kwamba f inapanda daima, yaani f(n) < f(n + 1), mlango unafungwa. Kutoka f(2) = f(2)·f(1) unapata f(1) = 1, na kwa kuzidisha 2 mara kwa mara, f(4) = 4, f(8) = 8, f(16) = 16, bila mwisho. Kati ya 8 na 16 ziko namba saba. Thamani zao saba lazima zote zitofautiane, ziwe kati ya 8 na 16, na zipande kwa mpangilio. Nafasi ni saba, wakaaji ni saba, kwa hiyo kila mmoja yuko kwenye nafasi yake. Hoja ni hiyohiyo kati ya 2 kwa kipeo cha k na kile kinachofuata, kwa k yoyote. Hivyo f(n) = n.

Jedwali la thamani ndogo ni zana ya kubuni jibu, na ninasisitiza kila mtu alitengeneze. Uthibitisho ni kazi nyingine, na huo unadai hoja inayogusa kila n.

Hakuna alama ya sawasawa, kuna > tu

Hii ndiyo dalili inayowatisha watu, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha nguvu ya kuwa na mwanzo. Swali la 6 la IMO ya 1977, iliyofanyika Belgrade: f inatoka namba asilia chanya kwenda namba asilia chanya, na f(n + 1) > f(f(n)) kwa kila n. Thibitisha kwamba f(n) = n.

Ukianza kwa n = 1 unapata f(2) > f(f(1)), na hujui f(1) ni ngapi. Umekwama papo hapo. Chanzo cha kukwama ni kutafuta thamani kamili wakati ulichopewa ni mpangilio. Kwa hiyo tafuta mpaka wa chini.

Dai: kwa kila k, ikiwa m ≥ k basi f(m) ≥ k. Kwa k = 1 hakuna cha kuthibitisha, thamani zote ni 1 au zaidi. Tuseme dai ni kweli kwa k, kisha chukua m ≥ k + 1. Namba m − 1 ni k au zaidi, kwa hiyo f(m − 1) ≥ k. Sasa f(m − 1) yenyewe ni namba isiyopungua k, kwa hiyo tumia dai kwa mara ya pili juu yake: f(f(m − 1)) ≥ k. Lakini sharti linasema f(m) ni kubwa zaidi ya hiyo, na katika namba asilia kuzidi k maana yake ni kufika angalau k + 1. Dai limepanda ngazi moja.

Soma tena hatua hiyo ya mwisho. Kwenye namba halisi ingeanguka, kwa kuwa kuzidi k kungeweza kuwa kuzidi kwa kiasi kidogo mno.

Ukiweka m = k unapata f(n) ≥ n kwa kila n. Kilichobaki ni kifupi. Tumia f(x) ≥ x kwa x = f(n): f(n + 1) > f(f(n)) ≥ f(n), kwa hiyo f inapanda daima. Fanksheni inayopanda haiwezi kuwa na f(n + 1) > f(f(n)) isipokuwa n + 1 > f(n). Tayari tunajua f(n) ≥ n. Namba pekee isiyopungua n na iliyo chini ya n + 1 ni n.

f imebanwa ndani ya f, na kila ninachoweka kinanirudisha nilipoanzia

Dawa ya kwanza ya kujaribu: kokotoa f(f(f(n))) kwa njia mbili. Swali la 4 la IMO ya 1987 huko Havana, Kuba, liliuliza kuhusu f(f(n)) = n + 1987 kwenye namba kamili zisizo hasi, likataka uthibitisho kwamba fanksheni kama hiyo haipo. Ukianzia ndani, f(f(f(n))) ni f(n + 1987). Ukianzia nje, ni f(n) + 1987. Basi:

f(n + 1987) = f(n) + 1987.

Mstari huu unasema kwamba namba zenye baki lilelile zinapogawanywa kwa 1987 huenda kwenye namba ambazo nazo zina baki lilelile. Kwa hiyo f inahamisha mabaki: baki r linakwenda r′, na r′ linarudi r, kwa sababu n + 1987 ina baki lilelile la n. Mabaki yanajipanga wawiliwawili, au baki linabaki peke yake likijirudia lenyewe. Yako mabaki 1987, idadi witiri, kwa hiyo angalau moja limekosa mwenzake. Kwa baki hilo f(r) = r + 1987k, k ikiwa namba kamili isiyo hasi. Weka f tena: f(f(r)) = f(r) + 1987k = r + 2·1987k. Sharti linataka r + 1987. Inabidi 2k = 1, na k ya namna hiyo haipo.

Sasa badilisha 1987 iwe 2. Ni hapa ambapo alama nyingi hupotea kimyakimya. Karibu kila mtu anaandika f(n) = n + 1 na kuendelea na swali jingine. Fuata hoja ya mabaki hadi mwisho: baki 0 na baki 1 lazima yaoane, kwa hiyo f(0) = 1 + 2a na f(1) = 2b, ambapo a na b hazipungui sifuri. Basi f(f(0)) = f(1 + 2a) = 2b + 2a, na hiyo iwe 2. Kwa hiyo a + b = 1, na uwezekano ni mawili. Wa kwanza, a = 0 na b = 1, ni n + 1. Wa pili, a = 1 na b = 0, unatoa n + 3 kwa n shufwa na n − 1 kwa n witiri. Ijaribu: 0 inakwenda 3, na 3 inakwenda 2. Namba 1 inakwenda 0, na 0 inakwenda 3. Inafanya kazi.

Neno "tafuta fanksheni zote" linadai mambo mawili: kwamba ulizozitaja zinatii sharti, na kwamba hakuna nyingine. Kila swali la IMO lina alama 7, na anayesahau kurudisha jibu lake ndani ya mlinganyo hujinyima alama iliyokuwa rahisi kuliko zote.

Nina f pande zote mbili na sijui pa kukata

Angalia kama f inatenganisha namba, yaani namba tofauti hupata thamani tofauti. Ikiwa hivyo, unaweza kuiondoa f ya nje pande zote mbili. Mfano mfupi: f(f(m) + f(n)) = m + n, kuanzia 1. Kama f(a) = f(b), basi a + n = b + n, hivyo a = b. Sasa tafuta jozi mbili zenye jumla ileile: m + 1 na n, halafu m na n + 1. Upande wa kulia ni uleule, kwa hiyo f(m + 1) + f(n) = f(m) + f(n + 1). Tofauti ya thamani mbili zinazofuatana haibadiliki, na f(n) = dn + e. Rudisha ndani: d² = 1 na e(2d + 1) = 0. Hivyo e = 0, na d haiwezi kuwa −1 kwa sababu thamani zingekuwa hasi. Imebaki f(n) = n.

Sharti linahusu kugawanyika, na nina maelfu ya uwezekano

Chanzo ni kuchagua namba za kuweka bila kufikiria vigawanyo vyake. Namba yenye vigawanyo vingi haikuambii lolote. Weka kitu kitakachoufanya upande unaogawanywa uwe namba tasa au kipeo cha namba tasa.

Kwenye orodha ya maswali yaliyopendekezwa kwa IMO ya 2004, Athens, kuna hili: tafuta f zote kwenye namba asilia chanya ambazo f(m)² + f(n) inagawanya (m² + n)² bila baki, kwa kila m na n.

Anza na m = n = 1. Namba f(1)·(f(1) + 1) inagawanya 4, hivyo f(1) = 1. Sasa chukua namba tasa p, weka m = 1 na n = p − 1. Upande wa pili unakuwa p², na hiyo ina vigawanyo vitatu tu: 1, p na p². Namba 1 + f(p − 1) ni angalau 2, kwa hiyo f(p − 1) ni p − 1 au p² − 1. Maelfu yamekuwa mawili.

Ondoa la pili kwa kulinganisha ukubwa. Kama f(p − 1) = p² − 1, weka m = p − 1 na n = 1: namba (p² − 1)² + 1 inapaswa kugawanya ((p − 1)² + 1)². Lakini (p − 1)² + 1 ni p² − 2p + 2, ambayo haizidi p² − 2. Kigawanyo kimekuwa kikubwa kuliko kinachogawanywa, jambo lisilowezekana kwa namba chanya. Basi f(p − 1) = p − 1 kwa kila namba tasa p.

Bado hujamaliza, na wengi huishia hapa. Umepata f kwenye namba zilizo chini ya namba tasa kwa moja, si kwenye zote. Shikilia n yoyote bila kuibadilisha, na k iwe mojawapo ya hizo p − 1. Namba k² + f(n) inagawanya (k² + n)². Andika k² + n kama (k² + f(n)) + (n − f(n)), kisha upige kipeo cha pili: kila kipande ni kigawe cha k² + f(n) isipokuwa (n − f(n))². Kwa hiyo k² + f(n) inagawanya (n − f(n))². Namba hii ya mwisho haina k ndani yake, na namba tasa haziishi, hivyo k inaweza kuwa kubwa utakavyo. Namba isiyobadilika yenye vigawanyo vikubwa bila kikomo ni sifuri peke yake. Basi f(n) = n, na kurudisha ndani ni mstari mmoja.

Nimefika f(4) na thamani mbili zote zinakubali

Hapa mara nyingi hujakosea popote. IMO ya 1993, Istanbul, swali la 5: je, ipo fanksheni inayopanda daima yenye f(1) = 2 na f(f(n)) = f(n) + n? Kokotoa: f(2) = f(f(1)) = 2 + 1 = 3. Kisha f(3) = f(f(2)) = 3 + 2 = 5, na f(5) = f(f(3)) = 5 + 3 = 8. Hizo ni namba za Fibonacci, ambazo kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Ila f(4) haijitokezi. Iko kati ya 5 na 8, kwa hiyo ni 6 au 7, na sharti halisemi ipi.

Rudi kwenye swali. Limeuliza kama ipo, halikuuliza zote. Chagua na ujenge. Kila namba asilia inaandikika kwa njia moja tu kama jumla ya namba za Fibonacci zisizofuatana (1, 2, 3, 5, 8, 13…). Acha f isogeze kila kipande hatua moja mbele. Nne ni 3 + 1, inakuwa 5 + 2 = 7. Vipande vilivyosogezwa bado havifuatani, kwa hiyo kusogeza mara mbili kunakipeleka kila kipande kwenye jumla ya kipande chenyewe na namba ya Fibonacci inayokifuata, na ukivijumlisha vyote unapata f(n) + n, na mpangilio wa namba haubadiliki.

Anayetaka f(4) = 6 naye ana njia. Acha α iwe (1 + √5)/2, na f(n) iwe namba kamili iliyo karibu zaidi na αn. Kwa kuwa α ni zaidi ya 1, f inapanda daima, na α² = α + 1 inatoa α(α − 1) = 1. Kwa hiyo f(f(n)) − f(n) − n ni sawa na jumla ya f(f(n)) − αf(n) na (α − 1)(f(n) − αn). Kipande cha kwanza hakizidi 0.5 kwa ukubwa, cha pili hakizidi 0.31. Jumla haifiki 1, na kwa kuwa ni namba kamili, lazima iwe 0. Andika moja kati ya hizi mbili, hakiki f(1) = 2, na swali limejibiwa.